Chumba cha Chini Kimekuwa Kijani

Jumapili, mchana. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini mawingu bado yametanda, na hapa Mchafukoge mitaro imefurika mpaka barabarani. Nimekaa ukumbini na kompyuta mapajani. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Mwajuma, mdogo wangu, ameniletea chai, ikapoa. Akanipashia moto, ikapoa tena.

Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua habari ya Mama. Kwa mgeni nieleze kwa ufupi. Mama alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto ukalala, na mpaka leo anatembelea kiti cha magurudumu. Sisi tunakaa ghorofa ya nne ya jengo la zamani, na lifti yake ilikufa nikiwa shule ya msingi. Siku hizi wapangaji wanaweka humo mafagio na ndoo. Kwa hiyo Mama hashuki. Akiwa na miadi ya hospitali anabebwa kushuka na anabebwa kupanda, akirudi amechoka kuliko alivyokwenda. Siku zilizobaki ni kitanda, kiti na dirisha.

Huyu ni mwanamke aliyeuza udi na manukato Kariakoo maisha yake yote. Alikuwa hawezi kufika dukani kununua chumvi bila kusalimiana na nusu ya mtaa. Sasa anaujua mtaa kwa sauti tu, zile zinazopanda mpaka dirishani.

Rafiki yake wa ndani ni Bi Mwanakombo, anayekaa upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Ni mwendo mfupi kwa mtu mwenye miguu. Bi Mwanakombo ana magoti mabovu na ngazi zetu haziwezi, na Mama kushuka hawezi. Basi wanaongea kwa simu kila siku baada ya alasiri, kama watu wanaoishi nchi mbili tofauti. Tangu kiharusi hawajaonana uso kwa uso. Mama halalamiki. Ila ukimsikiliza anavyoaga kwenye simu, utatamani uondoke chumbani.

Ndipo tukapata wazo la chumba cha chini. Nyuma ya jengo, uani, kuna chumba ambacho duka la mbele lilikifanya stoo ya vitambaa. Mwenye duka amepata stoo kubwa kwingine, mwenye nyumba akatukubalia. Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha: majora ya vitambaa yatolewe, mlango ubomolewe upanuliwe ili kiti cha magurudumu kipite, choo cha kukaa kifungwe, sakafu itengenezwe, rangi ipigwe, kitanda kishushwe. Mama akae chini, afunguliwe mlango asubuhi, wenzake wamjie.

Tulipomwambia, alitutazama mmoja mmoja, halafu akauliza kama Bi Mwanakombo ataweza kuja. Tukamwambia hata kila siku. Akafunika uso kwa upande wa kanga, na sisi tukajifanya hatuoni.

Tatizo likawa mimi. Ofisi yetu ya Posta ikanituma Dodoma kwa wiki kadhaa, na katika familia yetu mimi ndiye msukuma mambo. Nisipopiga simu, hakuna kinachotembea. Nikawa natafuta njia ya kusimamia kazi nikiwa mbali, na katika kutafuta huko mtandaoni nikakutana na programu moja ya kupanga miradi.

Jina lake silitaji, maana watengenezaji wake hawana kosa. Ni programu huria, ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia, imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Ilikuwa ndiyo kwanza imetolewa. Ukurasa wake wa mbele ulikuwa na onyo la maandishi mazito kwamba hili ni toleo la awali, lina kasoro, na usilitumie kwa kazi unayoitegemea.

Nililisoma onyo hilo. Nikabonyeza kukubali.

Niseme ukweli, niliipenda. Unaandika kazi, unaweka jina la mhusika na siku ya mwisho, inakuchorea mistari mirefu yenye mishale inayoonyesha kazi ipi inaisubiri ipi. Huwezi kupiga rangi kabla mlango haujabomolewa, huwezi kushusha kitanda kabla rangi haijapigwa. Iligoma mara kwa mara. Ukivuta mstari haraka unapotea, ukiongeza mtu mwenye majina matatu inamkata la mwisho. Lakini mimi nilikuwa nimelewa. Kwa mara ya kwanza shida za nyumbani kwetu zilionekana kama kitu chenye mwanzo na mwisho.

Kilichonifurahisha zaidi ni rangi. Kazi ambayo haijafika muda wake ni ya kijivu. Ikichelewa, inakuwa nyekundu, na jina la mhusika linakuwa jekundu pamoja nayo, na kila aliyemo kwenye mradi analiona jina hilo anapofungua simu asubuhi. Ikikamilika, mhusika anaweka alama ya vema kwenye kiboksi na mstari unakuwa kijani. Kulikuwa na sehemu ya kuzima hayo majina mekundu. Niliiona. Nikasema moyoni, wacha iwake, watu wetu bila kusukumwa hawaendi.

Nikawaunganisha wote. Kaka yangu Shabani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, nikampa kazi ya kuleta mlango mpya na choo. Fundi Deo, aliyetutengenezea jiko miaka ya nyuma na ambaye tunamwamini, nikampa kubomoa, kufunga choo, sakafu na rangi, na ufunguo wa chumba akakaa nao yeye. Mwajuma, anayekaa na Mama, nikampa kuhakikisha majora yameondolewa na chumba kimesafishwa. Kazi ya mwisho kabisa, ile iliyokuwa chini ya zote, niliandika "Mama ahamie chini" na nikaweka jina langu.

Siku za mwanzo Dodoma majina yalianza kuwa mekundu. La Kaka Shabani, la Deo, la Mwajuma. Baada ya siku kadhaa, kama watu waliokubaliana, yakaanza kugeuka kijani. Mlango mpya umefika, kijani. Choo kimefungwa, kijani. Majora yametolewa, kijani. Nilikuwa nafungua simu kwenye mikutano chini ya meza natabasamu peke yangu. Nilimwonyesha mwenzangu wa ofisini, nikamwambia ona, mafundi wa Bongo wanaweza, wanahitaji tu mfumo.

Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Rangi ilipokuwa kijani, nilimpigia Mama simu nikamwambia Jumamosi nikirudi tunashuka. Mama akampigia Bi Mwanakombo. Bi Mwanakombo, nilikuja kujua baadaye, akawapigia wenzake wengine wa zamani wa sokoni kuwaambia Bi Zainabu amepata chumba chini, twendeni Jumamosi tukamtoe upweke.

Jumamosi ndiyo jana.

Nimefika nyumbani kutoka kituo cha treni, nimemkuta Mama ameshavaa tangu alfajiri. Mwajuma amempaka hina mkono wa kushoto, ule usiofanya kazi, Mama alisema na wenyewe uonekane. Nikamsabahi, "Shikamoo Mama." Akaniitikia marahaba huku anaangalia mlango.

Kaka Shabani alikuja na makuli wawili kutoka sokoni, watu wanaobeba magunia kila siku na wasioogopa ngazi. Nikauliza ufunguo uko wapi. Kaka akasema, "Deo yuko njiani, nimeongea naye sasa hivi. Tumshushe tu, tutakutana naye chini."

Hapo ndipo nilipopaswa kushuka mimi kwanza nikaangalie. Zilikuwa ngazi tu. Sikushuka, kwa sababu nilishaangalia, kwenye simu, na kila kitu kilikuwa kijani. Mwajuma alikuwa amesimama jikoni anakunja kitambaa na kukikunjua. Nikadhani ni furaha.

Wakamkalisha Mama kwenye kiti cha plastiki cha mikono, wakamfunga kanga kiunoni asiteleze, wakamnyanyua. Kuli wa mbele alikuwa mzungumzaji. "Bi mkubwa, shika hapo, usinitazame mimi, tazama juu kama bibi harusi." Mama akacheka. Kila kona wanaelekezana, "Oya, taratibu, geuza kwako, geuza." Majirani walitoka milangoni wakamshangilia. Tulipofika ghorofa ya kwanza nikashindwa kujizuia. Nikatoa simu, nikaweka alama kwenye kazi yangu ya mwisho. Vikaratasi vya rangi vikamwagika kwenye kioo, programu ikanipongeza kwa mradi uliokamilika.

Uani tulimkuta Bi Mwanakombo ameshafika, na mabibi wengine wawili, wamevaa madira mapya, na hotpoti la vitumbua na mkeka uliofungwa kwa kamba kama zawadi ya chumba kipya. Mama na Bi Mwanakombo walishikana mikono. Mmoja alikuwa anampapasa mwenzake usoni kama kipofu. Makuli wakageuka wakatazama ukuta.

Halafu Deo akaja. Alikuja na begi la vifaa na nguo za kazi, na kwa namna alivyonisalimia bila kuniangalia nilishajua. Akafungua kufuli.

Majora ya vitambaa yalikuwa yamejaa mpaka dari. Mlango ulikuwa uleule mwembamba. Choo hakikuwepo, sakafu ilikuwa ileile ya saruji iliyomeguka, na rangi haikuwa imeguswa na mtu tangu jengo lijengwe.

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani ingekuwa afadhali.

Niliwavuta pembeni, nyuma ya ngazi, wote watatu, na nikawauliza kwa sauti ya chini ambayo hata mimi sikuitambua. Deo alikuwa wa kwanza. "Dada Zuhura, naomba unisamehe. Jina langu lilikuwa linawaka jekundu kila asubuhi, kaka yako analiona, kila mtu analiona. Na wewe ni mtu uliyeniamini. Nikaona haya. Nikasema niweke vema ili roho yako itulie huko Dodoma, kazi nitaikamilisha kabla hujarudi. Lakini mlango haukuja."

Mlango haukuja kwa sababu Kaka Shabani mzigo wake ulikuwa umekwama, na yeye ni mkubwa wa nyumba, hawezi jina lake kukaa jekundu mbele ya fundi. Akaweka vema, akijua Deo bado ana kazi za kufanya na muda upo; kwa Deo kulipogeuka kijani akadhani fundi amepata mlango kwingine. Mwajuma alikwenda kwa mwenye duka kuhusu majora, akaambiwa stoo mpya haijawa tayari, asubiri. Akaona aibu kunisumbua na kwenda kumsumbua yule mzee tena. Alipoona kwa Deo kumekuwa kijani akafikiri labda wamejipanga wenyewe, akaweka vema ya kwake.

Kila mmoja alikuwa ameficha kwa ajili ya kunistahi, na kila mmoja aliiamini kijani ya mwenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo ndilo linaloniumiza, maana sina hata wa kumkasirikia.

Tukarudi uani. Bi Mwanakombo, masikini, hakuwa ameelewa. Akauliza kwa uchangamfu, "Haya, mnangoja nini? Tuingizeni ndani tutandike mkeka wetu." Kaka Shabani akaangalia viatu vyake.

Mama ndiye aliyejibu. "Rangi haijakauka, Mwanakombo. Harufu yake itatuumiza vifua. Tukae hapa hapa nje, wiki ijayo mtaingia."

Alisema hivyo akitabasamu, kiti chake kikiwa kinautazama mlango uliokuwa wazi na majora yote yanaonekana. Bi Mwanakombo akatazama ndani. Aliona. Nina hakika aliona. Akasema, "Kweli, rangi mbichi si nzuri kwa watu wazima," akafungua hotpoti, akaanza kugawa vitumbua.

Basi kuficha aibu tulijifunzia kwa Mama. Ndivyo nilivyowaza pale, nikiwa nimeshika kitumbua kisicholika.

Walikaa uani mpaka mvua ilipoanza kunyunyiza. Walicheka, nisiwanyime haki yao. Walimsema marehemu fulani, wakamsema mwanaye, wakamsema mkwe wa mwanaye. Mama alikuwa na nuru usoni ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. Kisha matone yakawa makubwa, mabibi wakaagana wakiahidiana wiki ijayo, na wote walijua wiki ijayo hakuna kitu.

Kumpandisha kulikuwa tofauti. Makuli hawakutania. Ngazi zilikuwa na maji ya viatu, kiti kikayumba mara moja, Mama akashika ukuta kwa mkono wake mzima mpaka kucha zikakwaruza chokaa. Tulipopumzika ghorofa ya tatu, aliniita nisogee karibu. Nikainama. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayekuagiza kitu dukani, "Zuhura, mkinishusha tena, msinipandishe."

Hajasema neno jingine kuhusu jana. Leo asubuhi alisema chai imekolea vizuri.

Na mimi leo nimefanya ninachojua kufanya, nimefungua programu. Mradi wote umekamilika, inasema. Mistari yote ya kijani, imejipanga vizuri kabisa. Nimeondoa alama za vema moja baada ya nyingine, nikaanza na ya kwangu. Ilipofika zamu ya Kaka Shabani, jina lake likawa jekundu, na kabla sijafika kwa Deo likawa kijani tena. Nikaondoa. Akarudisha. Halafu akanipigia simu.

"Zuhura, unanianika mbele ya fundi?"

Nikamwambia, "Kaka, fundi alikuwepo jana." Akakata. Baada ya muda alituma ujumbe kwamba mlango utafika wiki hii, Mungu akipenda, na yeye mwenyewe atausimamia. Nampenda kaka yangu. Sikuamini hata neno moja, na kutoamini huko ni kitu kipya kati yetu, nacho kimenitia baridi.

Niliwaandikia pia watengenezaji. Wanaomba sana maoni ya watu wanaoijaribu. Nikawaelezea, kwa adabu, kwamba huku kwetu inahitajika rangi nyingine kwa kazi ambayo haijaanza na mhusika anaona haya kusema. Mmoja wao amenijibu haraka na kwa heshima kubwa. Anashukuru, ila hajaelewa vizuri, na anauliza kama najua kwamba majina mekundu yanaweza kuzimwa kwenye mipangilio.

Najua. Nilikiona kitufe hicho siku ya kwanza.

Sasa nimefanya jambo moja la mwisho kabla kompyuta haijaisha chaji. Nimeondoa majina yao yote. Kaka, Deo, Mwajuma, nimewafuta mmoja mmoja bila hasira, na kwenye kila kazi nimeandika jina langu. Nitayatoa majora mimi. Mlango nitaufuata Gerezani mwenyewe, nisimame pale mpaka upakiwe. Fundi akija nitakuwa nimekaa kwenye ndoo namtazama. Nikaiambia programu kwamba mtu ni mmoja, na nafasi yake ni Jumamosi na Jumapili tu, maana siku nyingine ofisi ya Posta inanitaka.

Ikafikiri kidogo. Kisha mistari yote ikaanza kusogea kulia, kila mmoja ukiusukuma mwingine kwa ile mishale, mpaka ikatoka nje ya kioo. Nimekuwa navuta ukurasa kuutafuta mwisho wake, mvua za vuli zimepita, mwaka umekwisha, mwingine umeanza. Nimeuona mstari wa "Mama ahamie chini" ulipokomea. Tarehe yake siiandiki hapa.

Mlango wa chumba cha Mama uko wazi. Kutoka hapa namwona amegeuzia kiti dirishani, simu iko mapajani, alasiri bado. Ningeweza kuinuka sasa hivi nikamuulize kama atasubiri. Siwezi, kwa sababu najua atasema atasubiri.